Shali Yenye Mafundo Mengi

Jumamosi asubuhi soko la Thika hufurika hadi wenye mikokoteni wanaomba njia kwa matusi. Nicanor alikuwa ameinama kwenye meza ya mama wa nyuzi, akichagua rangi haraka haraka kama mwizi, ingawa pesa alikuwa nazo na hakuna aliyekuwa akimtazama. Ndivyo alivyonunua uzi siku zote. Anaonyesha kwa kidole, analipa, anautumbukiza kwenye mfuko mweusi, anatoweka. Akiulizwa, husema ametumwa.

Mara mkono wa mtu ukamshika sweta mgongoni.

"Samahani, usigeuke," sauti ya mwanamke ikasema. "Kidogo tu. Nahesabu."

Nicanor akaganda. Mtu aliyewahi kuambiwa asigeuke na watu wenye bunduki hulichukulia neno hilo kwa uzito.

"Sita, halafu nne, halafu inapindana. Nani alikufumia hii?"

Akageuka polepole. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba hivi, amevaa gauni la jinzi lenye mfuko mmoja mkubwa wa viraka vya kitenge, kitambaa cha njano kichwani, na hereni za uzi alizozifuma mwenyewe. Macho yake hayakuwa kwa Nicanor hata kidogo. Yalikuwa kwenye sweta.

Jibu la kweli lilikuwa fupi: nimeifuma mimi. Lakini Nicanor alilijua swali linalofuata. Mwanamume mzima, fundi wa kuchomelea mageti, mikono imejaa alama za moto, umejifunzia wapi kufuma? Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia tangu atoke.

"Dani yangu," akasema. "Nyanya."

"Yuko hapa Thika?"

"Yuko nyumbani. Ugenya."

"Basi mpe salamu, umwambie kuna msichana Ruiru anataka kuiba mkono wake wa kufuma. Naitwa Njambi. Weka namba yako hapa. Ya dani siitishi, najua hana simu."

Akacheka, na Nicanor, aliyekuwa na nia ya kutoweka na mfuko wake mweusi, akajikuta anataja namba. Tena akataja ile ya kweli.

Sasa msomaji asipotezewe wakati. Dani wa Nicanor alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita, na mjukuu hakumzika, kwa sababu alikuwa jela. Kabla ya hapo Nicanor alikuwa dereva wa pikapu ya kubeba mbao. Alasiri moja, kwenye barabara ya Garissa karibu na Makongeni, alimgonga mama mmoja muuza mboga aliyekuwa akivuka. Mama huyo aliitwa Kalondu. Nicanor alimwona kwenye kioo akiwa amelala chini, akakanyaga mafuta, akakimbia. Kesho yake saa nne alijipeleka polisi mwenyewe, lakini Kalondu alikuwa amekwisha kufa. Alifungwa miaka mitatu.

Kufuma alifunzwa humo ndani na mfungwa mzee, Maluki, kwa vijiti viwili vilivyosuguliwa sakafuni. Uzi ulitoka kwenye sweta kuukuu zilizofumuliwa, vipande vifupi vifupi, kila kipande kikiunganishwa na kingine kwa fundo bapa linalofichwa upande wa nyuma. Waliuviringa kuwa vidonge vidogo visivyozidi yai, ili askari akipita kidonge kimezwe na kiganja. Nicanor alipotoka alinunua uzi mpya, bunda zima, akashindwa kuufuma. Ule urefu ulimtia hofu, akawa anahisi kuna mtu ameshika ncha ya pili. Basi akaukata vipande, akaviunga kwa mafundo, akaviringa vidonge vyake, na mikono ikatulia.

Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake katika chumba chake kimoja cha mtaa wa Landless. Akitoka kazini ananawa, anabandika chai, anafunga pazia, anawasha redio kwa sauti ya kuficha mlio wa sindano, anafuma. Jirani yake Jentrix aliwahi kumwuliza ukutani, "Nicanor, ni panya hao?" Akajibu ndiyo, ni panya.

Simu za Njambi zikaanza siku ileile.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ugali na sukuma."

"Bila mimi."

"Si uko Ruiru?"

"Hiyo ni sababu ya mtu ashashiba. Nambie uko na lunch nini kesho, nikuje niikague."

Njambi alikuwa mpokea wageni katika kliniki ya meno, lakini ukimsikia kwenye simu ungedhani kazi yake ni viraka. Alikuwa akikusanya mabaki ya nguo kwa mafundi cherehani, na kila Jumamosi alasiri yeye, mama yake na majirani wawili walisukuma makochi ukutani, wakatandaza blanketi moja kubwa la viraka juu ya meza, wakaketi kulizunguka na kulishona kwa mkono hadi chai iishe kwenye thamosi mbili. Kila kiraka alikijua kilikotoka. Hiki ni yunifomu yangu ya darasa la tatu. Hiki ni pazia la nyumba yetu ya kwanza. Hiki ni shati la baba ambalo mama alilichukia, tumelikata akiwa ameenda kanisa. Nicanor alisikiliza huku vidole vyake vikifuma gizani mwa ile siri, na akapenda. Alimpenda vibaya, kwa namna ya mtu anayejua kitu si chake na bado anakishika.

Wakawa wanaonana kila Jumapili. Njambi alimletea uzi, mabunda mazima, "ya dani." Mwezi wa tano akamletea kitu kingine kikiwa kimekunjwa kwenye leso, blanketi dogo la viraka vya samawati na kijani.

"La magoti ya dani. Julai ni baridi. Mwambie nimelishona peke yangu, mama hakunisaidia hata kona."

"Nitalituma na basi," Nicanor akasema.

Hakulituma, angelituma wapi? Alilitandika kitandani mwake, na kila usiku likampa joto na aibu kwa pamoja. Ili kulipa wema huo akafuma shali, ya kijivu yenye pindo jekundu, wiki tano nzima. "Dani amekutumia." Njambi aliivaa papo hapo, akajizungusha mbele ya kioo cha duka la watu, kisha akaivua na kuigeuza nyuma, maana mwenye kazi yake hutazama nyuma.

"Mbona dani anaunga uzi hivi? Hapa fundo, hapa fundo. Na nilimpa bunda mzima."

"Macho," Nicanor akasema. "Uzi unamkatikia."

"Woishe." Njambi akalibusu lile fundo. "Siku moja utanipeleka nimwone. Nataka kumshika hiyo mikono."

Nicanor alitabasamu. Tangu siku hiyo simu ikilia moyo ulipiga mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na ya pili kwa woga.

Julai ikaja, na Njambi akasema ni wakati wa kwenda kwao.

"Baba yako alikuwa anafanya kazi gani?"

"Serikali. Ameretire. Usijali, switi, baba anapenda sungura kuliko watu."

Nicanor alinyoosha shati lake jeupe, akavaa viatu vya kuazima, akaenda Ruiru. Sebule ilikuwa kama alivyosimuliwa: makochi ukutani, vitambaa vya kufuma kwenye kila kiegemeo, blanketi kubwa mezani, na mama yake Njambi, Mama Waruguru, pamoja na majirani wawili wamelizunguka na sindano. Wakamkaribisha kwa vicheko na kikombe cha chai. Alikuwa amepiga funda moja tu alipoinua macho ukutani. Pale palikuwa na picha. Wanaume kumi na wawili wamesimama mbele ya ukuta mrefu, wamevaa sare. Nicanor hakuhitaji kusoma maandishi yaliyo chini yake. Sare hiyo ya askari jela aliifahamu hadi vifungo.

Kikombe kikagonga sahani. "Ni moto?" Mama Waruguru akauliza.

"Kidogo tu, mama."

Mzee Githinji, baba yake Njambi, aliingia akinuka majani mabichi. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya sufu, na alimsalimu mgeni vizuri tu. Hawakuwahi kukutana, mzee alikuwa amestaafu kabla ya Nicanor kufungwa. Nicanor akaanza kupumua. Kisha mzee akaitazama shali mabegani mwa binti yake.

"Hebu."

"Ni ya dani ya Nicanor, baba. Si ni poa?"

Mzee aliigeuza. Kidole gumba chake kilitembea upande wa nyuma, kikasimama kwenye fundo, kikaenda, kikasimama tena. Akamrudishia Njambi shali. "Kijana," akasema, "kuja uone sungura."

Nyuma ya nyumba, mbele ya vibanda vya waya, mzee aliwapa sungura majani kwa muda mrefu.

"Ulitoka lini?"

Nicanor akashika nguzo. "Karibu miaka miwili, mzee."

"Nilifanya hiyo kazi miaka thelathini na moja. Soksi nilizovaa zilifumwa na wafungwa. Hakuna nyanya anafunga uzi hivyo akiwa na bunda mzima." Akafunga kibanda. "Ulifanya nini?"

"Nilimgonga mama na gari. Akakufa. Nilikimbia, mzee. Nilirudi kesho yake."

Mzee akajifuta mikono. "Njambi anajua?"

"Hapana."

"Na hiyo dani?"

"Alikufa."

"Jumamosi ijayo watashona tena. Ikifika kama hujamwambia, nitamwambia mimi. Na heri asikie kwako, maana mimi sina maneno matamu."

Nicanor alirudi Landless akiwa na siku saba. Jumapili alijiambia angempigia Njambi Jumatatu. Jumatatu akasema Jumanne. Simu ya Njambi ikilia aliitazama hadi inyamaze, kisha akamwandikia, "Niko job, mpenzi." Jumatano hakwenda kazini kabisa, mikono ilikuwa ikimtetemeka, na mtu anayetetemeka hashiki mashine ya kuchomelea. Akakaa kitandani akifuma, kwa sababu ndicho kitu pekee kilichomtuliza. Ilikuwa sweta ya kike, rangi ya njano, ya Njambi. Saa tano akatoka na mtungi kwenda mferejini, akaacha mlango wazi.

Aliporudi, Njambi alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alikuwa na sare ya kliniki, na mkononi ameshika ile sweta ikiwa bado kwenye sindano.

"Nimekuletea dawa," akasema. "Nilijua lazima uko mgonjwa, venye hushiki simu. Nimeomba ruhusa kazini."

Nicanor akaweka mtungi chini. Maji yakamwagika viatuni.

"Nimeuliza huyo jirani yako kama dani amekuja. Akaniambia hapa hakuna nyanya." Macho ya Njambi yakaenda kitandani, kwenye viraka vya samawati na kijani. Sauti yake ikapungua. "Nililala saa nane usiku siku nne nikishona hiyo. Ukampatia huyo mwanamke alalie."

"Njambi."

"Anaitwa nani?"

Hapo ndipo woga ulipomfanya Nicanor atende kitu cha ajabu. Aliona milango miwili. Mmoja ulikuwa na jela, na pikapu, na mama amelala barabarani. Wa pili ulikuwa na mwanamke asiyekuwepo. Wanaume wangapi Thika wana mwanamke wa pili? Mwanamume wa hivyo huitwa malaya, watu wanamsema wiki moja, wanasahau. Mwuaji hasahauliwi.

"Umeoa? Ni bibi yako?" Njambi akauliza.

"Ndiyo," Nicanor akasema.

Njambi hakulia mbele yake. Aliilaza sweta kitandani kwa uangalifu, akihakikisha mshono hata mmoja hautoki kwenye sindano, maana hata akiwa ameumia hakuweza kuiharibu kazi ya mwanamke mwenzake. Akaacha paketi ya dawa kwenye stuli. Alipofika langoni mwa ploti ndipo Jentrix alipomwona ameinama ameshika ukuta.

Ijumaa asubuhi simu ililia, namba ngeni.

"Ni Githinji. Njambi ameniambia uko na bibi."

"Ndiyo, mzee."

"Huna."

Nicanor akaibana simu sikioni.

"Basi siri yako imepona," mzee akasema. "Nilisema nitamwambia kwa sababu ulikuwa unataka kuwa mtoto wangu. Sasa si chochote kwangu. Mambo yako ya jela si kazi yangu tena. Kaa salama."

Simu ikakatika. Nicanor akaketi. Alikuwa amepona kweli. Hakuna mtu ambaye angesema. Angeweza kurudi kazini, kufunga pazia, kufuma na panya wake mpaka azeeke. Alingoja nafuu ije. Alingoja hadi chai ikapoa, na kilichokuja ni ile alasiri ya barabara ya Garissa: mguu wake mwenyewe ukikanyaga mafuta, na kichwa kikimwambia, nenda, hakuna aliyekuona. Akajua kwamba amefanya tena kitu kilekile, na safari hii aliyemwacha chini ni Njambi. Alilia kwa sauti, na Jentrix hakuuliza chochote ukutani.

Jumamosi saa tisa alikuwa mlangoni Ruiru. Alikuwa amevaa sweta yake ya zamani na kubeba mfuko mweusi, na jasho lilikuwa likimtiririka katika ile baridi. Mama Waruguru alimfungulia, akamwona ni nani, akataka kufunga.

"Mama, nipe dakika tano. Halafu uite hata polisi."

Sebuleni sindano zote zilisimama. Njambi alikuwa upande wa mbali wa meza, macho yamevimba, hana shali. Mzee Githinji alikuwa kwenye kiti chake pembeni na gazeti. Hakulishusha.

"Umekuja na yeye?" Njambi akauliza.

Maneno aliyoyapanga tangu Thika yalikuwa yamekwisha. Basi Nicanor akaketi kwenye kochi, akatoa ile sweta ya njano kwenye mfuko, akashika sindano na kufuma. Majirani wawili wakatazamana. Njambi aliinuka, akaja akasimama mbele yake, akavitazama vile vidole vyenye alama za moto vikiupindua uzi, sita, halafu nne.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Hakuna bibi. Dani alikufa nikiwa jela. Huko ndiko nilifunzwa."

Akamwambia yote, mbele ya wote, akiwa ameinamisha kichwa kwenye sweta. Pikapu. Kioo. Mguu. Alitaja jina la Kalondu, na kwamba alikuwa na watoto watatu, aliwaona kortini.

"Kama ungesimama," Njambi akauliza polepole, "angeishi?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa kuliko jela yenyewe. Hakuna aliyewahi kumwuliza uso kwa uso.

"Daktari alisema labda."

"Labda."

"Ndiyo."

Mama Waruguru alitoka kwenda jikoni, na wakamsikia akifungua maji yasiyokuwa na kazi. Njambi alifunika uso kwa viganja. Nicanor akafikiri, basi, na akaanza kuikunja sweta airudishe mfukoni.

"Mbona ulisema uko na bibi?"

"Nilidhani hiyo utanisamehe haraka."

"Hiyo ndiyo imeniua, Nicanor. Hii nyingine sijui. Naogopa. Nakuangalia na naogopa." Akaketi, si karibu naye, kwenye mkono wa kochi. "Wale watoto wanaishi wapi?"

"Makongeni. Bado wako huko."

"Umewahi kwenda?"

"Hapana."

"Miaka miwili. Kutoka Landless hadi Makongeni ni kutembea."

"Nafika kwa kona, narudi. Mara nyingi. Siwezi kugonga mlango."

Gazeti la mzee likashuka. "Mtu haendi hivyo tu kwa waliofiwa," akasema. "Nitatafuta mzee wa kwao niongee naye kwanza. Wakikataa, tutaheshimu."

"Na wakikubali?" Nicanor akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Njambi akamsogelea. Akanyoosha mkono akaichukua ile sweta ya njano magotini mwake, akaipima begani, akairudisha.

"Ulitaka kuniuliza kitu hii July. Mama aliniambia viatu vya kuazima havidanganyi."

"Nilitaka."

"Usiniulize leo. Uniulize tukitoka Makongeni, kama bado utakuwa na nguvu ya kuongea. Siwezi kuolewa na mtu anarudi kwa kona."

"Wakinifukuza, Njambi? Mbele yako?"

"Watatufukuza wawili," akasema, na akamwita mama yake arudi, chai inapoa.